Dawa za kulevya, utegemezi na uraibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yanaanza na ya msingi na kuishia na yale ya hali za pekee. Aliye na mtu amezima mbele yake sasa hivi aruke moja kwa moja hadi swali la 15.

## Maneno na maana yake

1. Kutumia, kuwa tegemezi na kuwa mraibu si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na kuyachanganya kumewagharimu wengi.

Kutumia ni kutumia tu: glasi moja, pafu moja, kidonge kimoja. Utegemezi ni jambo la mwili. Mwili umejipanga upya kuishi na dawa, na dawa ikikosekana unagoma. Mgomo huo ndio arosto. Uraibu ni pale mtu anapoitafuta dawa na kuendelea nayo hata baada ya kuona inamharibia kazi, ndoa au afya, na kila akipanga kupunguza, mpango unavunjika.

Kimoja kinaweza kuwepo bila kingine. Mgonjwa wa saratani anayemeza mofini kila baada ya saa 4 kwa miezi mitatu ni tegemezi. Akikatiziwa ghafla atatoka jasho na kuharisha. Lakini hafichi vidonge, hazidishi, wala hazunguki kwa madaktari watano kutafuta vingine. Huyo si mraibu. Kwa upande wa pili, aliyekaa miezi sita bila heroini hana tena utegemezi wa mwili, lakini akipita uchochoro aliokuwa akinunua kete (vipakiti vya heroini), moyo unamwenda mbio na tumbo linamkata. Uraibu bado upo.

2. Ni vitu gani hasa vinavyohesabiwa? Pombe na sigara zimo?

Zimo. Sheria huchora mpaka kwa sababu zake, lakini ubongo hausomi sheria. Kuna zinazopoza (pombe, heroini, kodeini, diazepamu), zinazochangamsha (kokeini, methamfetamini, mirungi, nikotini) na zinazopotosha hisia (LSD na baadhi ya uyoga). Bangi haikai vizuri kwenye kundi lolote.

Kulijua kundi kunasaidia kwa sababu arosto mara nyingi ni kinyume cha kazi ya dawa. Inayofunga choo ikikosekana, mtu huharisha. Inayolaza ikikosekana, hakuna usingizi. Inayokesha ikikosekana, mtu hulala siku mbili na kuamka na huzuni.

3. Nitajuaje kama nimeshavuka mstari?

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, linaangalia mambo matatu: umeshindwa kujizuia (unapoanza, kiasi, muda, kuacha), dawa imepewa kipaumbele kuliko majukumu na afya, na mwili umezoea au unapata arosto. Mawili kati ya hayo yakionekana kwa miezi 12, au kwa miezi mitatu kama matumizi ni ya kila siku au karibu kila siku, hilo ni tatizo la kutibiwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 una vigezo 11: viwili au vitatu ni hali nyepesi, vinne au vitano ni ya kati, sita na zaidi ni nzito. Kwa mgonjwa anayemeza dawa kama alivyoandikiwa, mwongozo huo hauhesabu arosto wala mwili kuzoea.

Kwa sigara lipo swali moja linalosema mengi: ya kwanza unaiwasha dakika ngapi baada ya kuamka? Ndani ya dakika 5 ni utegemezi mzito. Baada ya saa nzima, mwepesi.

4. Kwa nini hamtumii neno "teja"?

Kwa sababu aliyeitwa teja mlangoni kliniki leo, kesho harudi.

## Jinsi uraibu unavyojengeka

5. Kwa nini dozi ya mwezi uliopita haitoshi tena?

Seli za ubongo zina vipokezi ambavyo dawa hujishikiza. Vikigongwa kila siku, ubongo hupunguza idadi yake au usikivu wake ili mambo yarudi sawa. Mtumiaji huongeza kiasi, ubongo nao hupunguza tena.

Hatari iko hapa: mwili hauzoei kila kitu kwa kasi moja. Kwa heroini na jamii yake, stimu huzoeleka haraka, lakini kule kudumaza pumzi huzoeleka polepole na si kikamilifu. Kwa hiyo anayeikimbiza stimu ya siku ya kwanza anazidi kuusogelea ukingo wa kukata pumzi. Kufunga choo na mboni za macho kuwa ndogo karibu havizoeleki kabisa, na ndiyo maana mtumiaji wa miaka kumi bado hapati choo.

Uzoefu huo pia hupotea haraka, ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Kinachofuata kipo kwenye swali la 11.

6. Nikijaribu mara moja tu, nitanasa?

Wengi hawanasi. Uchambuzi wa utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 uliwaangalia watu waliowahi kujaribu japo mara moja, ukauliza wangapi walikuja kuwa tegemezi: tumbaku asilimia 32, heroini 23, kokeini 17, pombe 15, bangi 9. Tazama nani anaongoza.

Tatizo ni kwamba uso wa mtu hauonyeshi yumo fungu lipi. Urithi hubeba takriban asilimia 40 hadi 60 ya tofauti kati ya watu. Yanayobaki ni umri wa kuanza (sehemu ya mbele ya ubongo inayosema "ngoja kwanza" hukomaa katikati ya miaka ya 20), ugonjwa wa akili usiotibiwa, mateso ya utotoni na urahisi wa kuipata dawa. Na "mara moja" inaweza kuua bila uraibu wowote, hasa unga ambao hakuna anayejua umechanganywa na nini.

7. Kwa nini kuvuta na kujidunga hunasa haraka kuliko kumeza?

Kwa sababu ya kasi. Moshi hufikisha dawa kwenye ubongo kwa takriban sekunde 10, na sindano ya mshipani haiko mbali na hapo. Kunusa huchukua dakika chache, kumeza nusu saa hadi saa nzima. Tendo na tuzo vikikaribiana, ubongo hujifunza kwamba hiki kimeleta kile. Kanuni hiyohiyo, ikigeuzwa, ndiyo inayoifanya methadoni ya kunywa, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya heroini, kuwa tiba.

Sindano inakuja na balaa lake lingine. Watu hujitahidi kutochangia bomba, kisha wakachangia kijiko, pamba au maji ya kuchanganyia. Virusi vya homa ya ini C vinaweza kubaki hai ndani ya bomba lililotumika kwa wiki kadhaa.

8. Huu ni ugonjwa au ni kukosa nia tu?

Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam ni mfano mzuri. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kukuta karibu mmoja kati ya watano alikuwa tegemezi wa heroini kule vitani. Waliporudi nyumbani, wengi wao waliacha, na sehemu ndogo tu walirudi kwenye uraibu katika mwaka wa kwanza. Anayesema ni ugonjwa usio na tiba ajibu hilo. Anayesema ni nia tu naye ajibu: nia za maelfu ya watu zilibadilikaje zote kwa kupanda ndege? Kilichobadilika ni mahali, watu wa kukaa nao, urahisi wa kupata mzigo na sababu ya kuutaka. Nia inahitajika, lakini hufanya kazi ndani ya mazingira na ndani ya ubongo ambao umeshabadilishwa.

## Arosto na kuacha

9. Arosto huchukua siku ngapi?

Inategemea dawa.

Heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho: miayo, kamasi, machozi, vipele vya baridi, kisha mifupa kuuma, kutapika na kuharisha. Kilele ni siku ya pili au ya tatu, na huisha kati ya siku ya 4 na ya 10. Methadoni huchelewa (saa 12 hadi 48) na huburuza siku 10 hadi 20.

Pombe huanza ndani ya siku moja kwa mikono kutetemeka. Degedege, kama itakuja, huja zaidi kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka, yaani kuona wadudu ukutani, kuchanganyikiwa, homa na jasho jingi, huja kwenye siku ya pili hadi ya nne, wakati ndugu wanadhani kazi imeisha.

Diazepamu na wenzake: wiki mbili hadi nane, kwa mawimbi. Kokeini na methamfetamini: usingizi mzito, njaa na huzuni kwa siku chache hadi wiki mbili, mwili hauko hatarini sana, ila mawazo ya kujiua huja na lazima yaulizwe waziwazi. Bangi: wiki moja au mbili za kukosa usingizi, hamu ya kula na subira.

10. Naweza kuacha ghafla nyumbani?

Pombe na benzodiazepini (diazepamu, lorazepamu, alprazolamu), usijaribu kama unatumia kila siku kwa kiasi kikubwa. Arosto ya hizi mbili huua. Ukiwahi kupata degedege au kuweweseka ulipoacha, au ukihitaji kunywa asubuhi ili mikono itulie, hiyo ni kazi ya hospitali. Mnywaji atapewa diazepamu inayopunguzwa kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo huanza kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikiingia kwenye mwili uliokaukiwa B1 inaweza kuleta madhara ya kudumu ya ubongo. Kama hospitali bado haijafikiwa na kutetemeka kumeanza, kunywa pombe kidogo ya kutuliza mtetemeko ni salama kuliko kukata kabisa.

Benzodiazepini hushushwa polepole: asilimia 5 hadi 10 ya dozi ya sasa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Ndiyo, inachukua miezi. Anayekimbiza huishia kurudi alikoanza.

Heroini kwa mtu mwenye afya kwa kawaida haiui kwa arosto yenyewe. Kinachoua ni maji kuisha mwilini, kwa hiyo mpe maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji yaliyopotea, funda kwa funda. Baada ya hapo soma swali linalofuata kabla ya kushangilia.

11. Arosto imeisha. Nimepona?

Bado. Kilichoisha ni utegemezi. Uraibu haujaguswa, na wakati huohuo umepoteza ngao uliyokuwa nayo.

Fikiria mtu aliyekuwa akitumia kete nne kwa siku. Anakaa siku 14 kituoni, anatoka amenenepa, na familia inafurahi. Siku ya tatu mtaani anakutana na rafiki wa zamani. Mkono wake unakumbuka kete, lakini mwili umesahau. Anatumia kiasi chake cha kawaida na pumzi inakata. Wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani au kituoni ndizo za vifo vingi zaidi kwa watumiaji wa heroini. Kwa heroini, kusafisha mwili bila mpango wa baadaye kunaweza kumweka mtu pabaya kuliko alipokuwa.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza ya kuacha, panga siku ya 15: ataishi wapi, nani atamsindikiza kliniki, ataendelea na dawa gani, na naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, swali la 15) itakaa kabati gani.

12. Methadoni si kubadilisha uraibu kwa uraibu?

Ni kubaki na utegemezi na kuondoa uraibu. Ukirudi swali la 1 utaona kwa nini hilo si mchezo wa maneno.

Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, hupanda polepole, hushuka polepole, haileti stimu kwa aliyezoea, na hukaa mwilini saa 24 na zaidi. Mtu haamki na arosto, hatafuti pesa ya kete kabla ya saa mbili asubuhi, hajidungi. Anaweza kwenda kazini. Methadoni na mwenzake buprenofini (swali la 13) zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005.

Kosa la kwanza ni haraka. Dozi ya siku ya kwanza huwa miligramu 20 hadi 30 tu, kwa sababu ya leo bado imo mwilini kesho na keshokutwa, inarundikana. Aliyelalamika "haijanishika" siku ya kwanza akaongezewa sana anaweza kuzima siku ya tatu usingizini. Kosa la pili ni kinyume chake: kumbakiza mtu kwenye 30 kwa miezi. Wengi hutulia kati ya 60 na 120, na wanaobaki chini huongezea unga pembeni. Kosa la tatu ni kumtoa mapema kwa sababu "ametulia." Ametulia kwa sababu ya dawa, kama mgonjwa wa presha.

13. Kwa nini wananiambia nisubiri arosto ndipo nipewe buprenofini?

Buprenofini hung'ang'ania vipokezi kuliko heroini, ila huviamsha nusunusu. Ukiitumia heroini ikiwa bado imekaa, huing'oa, na unapata arosto ya siku mbili ndani ya saa moja. Subiri mpaka arosto ionekane wazi, kwa kawaida saa 12 hadi 24 baada ya heroini. Baada ya methadoni subira ni ndefu zaidi, na kazi hiyo ni ya mtaalamu.

14. Nimeacha miezi mitano, jana nimerudia. Yote yamepotea?

Miezi mitano iko palepale. Kurudia hutokea kwa takriban asilimia 40 hadi 60 ya waliotibiwa, kiwango kinachokaribiana na wagonjwa wa presha na pumu wanaokatiza dawa. Leo usitumie tena "kwa kuwa nimeshaharibu". Mara ya pili ndiyo inayovuta ya tatu. Mwambie mtu mmoja kabla jua halijazama. Kisha andika saa sita za kabla ya kurudia: ulikuwa wapi, na nani, umekula, umelala, ulikuwa na pesa? Kichochezi mara nyingi kimo humo.

## Hatari ya ghafla

15. Mtu amezidisha dozi. Nifanye nini?

Dalili za heroini na jamii yake ya afyuni (mofini, kodeini, methadoni, tramado): haamki, anakoroma kwa sauti ya maji au pumzi zinakuja kwa nadra, mboni za macho ni kama ncha ya sindano, midomo na kucha zimebadilika rangi. Kwa mwenye ngozi nyeusi usisubiri bluu. Tazama midomo, fizi na kucha kama zimekuwa rangi ya majivu.

Mwite kwa nguvu, kisha sugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitikia, omba msaada wa dharura. Mpe naloksoni, dawa inayoondoa kazi ya afyuni: ya kupuliza miligramu 4 kwenye tundu moja la pua, au sindano ya miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, hata juu ya nguo. Rudisha kichwa nyuma, inua kidevu, toa kilicho mdomoni, bana pua na umpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Kama hana mapigo, kandamiza kifua. Baada ya dakika 2 hadi 3 bila mabadiliko, rudia naloksoni. Akianza kupumua mlaze kwa ubavu.

Usiondoke. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90, na dawa aliyotumia inaweza kukaa zaidi, hivyo anaweza kuzima tena. Ataamka na arosto na pengine hasira. Mzuie asitumie tena.

Maziwa, maji ya chumvi, kumwagia maji baridi au kumtembeza havisaidii. Cha mdomoni humpalia. Na anayekoroma vibaya usimwache "alale apoze".

16. Mchanganyiko upi ni mbaya zaidi?

Zinazopoza kwa zinazopoza: heroini na pombe, kodeini na diazepamu, methadoni na vidonge vya usingizi. Kila kimoja kinaweza kuwa kiasi cha kawaida na jumla yake ikakata pumzi. Naloksoni huondoa upande wa afyuni tu. Diazepamu na pombe hubaki.

Kokeini na pombe hutengeneza ndani ya ini kitu cha tatu, kokaethilini, kinachokaa mwilini kuliko kokeini na kuuchosha moyo zaidi. Kuchanganya kichangamshi na kipozaji "ili visawazishane" ni mtego: kichangamshi kinaisha kwanza.

## Dawa za hospitali na hali za pekee

17. Daktari ameniandikia dawa kali ya maumivu. Nitakuwa mraibu?

Kwa siku chache baada ya upasuaji, uwezekano ni mdogo. Hupanda kadiri siku zinavyoongezeka, na zaidi kwa mwenye historia ya uraibu. Meza kwa saa ulizopangiwa, usitumie kwa ajili ya usingizi au huzuni, na ukishazidi wiki kadhaa omba kupunguziwa hatua kwa hatua. Kodeini iliyochanganywa na parasetamo ina hatari ya pembeni: anayeongeza vidonge akitafuta kodeini anavuka gramu 4 za parasetamo kwa siku na kuchoma ini.

18. Tramado ni nyepesi, sivyo?

Sivyo. Ni afyuni na wakati huohuo hugusa kemikali zinazoguswa na dawa za sonona. Ikizidi miligramu 400 kwa siku, degedege inanyemelea, na naloksoni haiizuii hiyo. Arosto yake nayo ni ya pande mbili: mifupa kuuma, na juu yake wasiwasi mkali na hisia kama za shoti kichwani.

19. Nina mimba na natumia heroini. Niache leo?

Usikate ghafla, arosto kali inaweza kuharibu mimba. Njia salama ni methadoni au buprenofini kliniki, na dozi mara nyingi hupandishwa miezi ya mwisho kwa kuwa mwili huimaliza haraka. Mtoto anaweza kupata arosto, kwa kawaida siku 1 hadi 3 baada ya kuzaliwa, baada ya methadoni hata wiki. Inatibika, kwa hiyo waambie wakunga mapema. Kubebwa ngozi kwa ngozi na kunyonyeshwa na mama aliyetulia kwenye dawa humsaidia. Kwa pombe hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Anayekunywa kila siku aache, ila hospitalini (swali la 10).

20. Kipimo cha mkojo huonyesha kwa muda gani?

Kokeini na methamfetamini siku 2 hadi 4, heroini siku 2 hadi 3, bangi kama siku 3 kwa aliyevuta mara moja na wiki nne au zaidi kwa wa kila siku. Kipimo cha kawaida cha afyuni hakikamati tramado, methadoni wala fentanili. Baadhi ya dawa za mafua hutoa jibu la uongo la amfetamini, hivyo jibu la karatasi lithibitishwe maabara kabla mtu hajafukuzwa kazi. Na kipimo hakipimi uraibu.

21. Navuta bangi kila siku, natapika kwa mafungu, na maji ya moto tu ndiyo yananituliza.

Dalili hiyo ya maji ya moto inajulikana. Hutokea baada ya miaka ya kuvuta sana, na dawa yake ni kuacha. Wengi huongeza bangi wakidhani inazuia kichefuchefu.

22. Tumfungie ndani mpaka arosto iishe?

Msifanye hivyo. Kama ni mnywaji anaweza kupata degedege humo chumbani bila mtu kusikia. Kama ni wa heroini, mtakuwa mmemvua ngao bila kumtibu (swali la 11). Pesa taslimu msimpe. Lipeni moja kwa moja nauli ya kliniki, chakula au kodi. Kama tayari amefungiwa siku kadhaa, mfungulieni, mwambieni wazi kwamba kiasi chake cha zamani sasa kinamuua, na mmoja wenu akae naye na naloksoni mfukoni.